Taya la Chini na Taya la Juu: Istilahi Mbili na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Neno taya, ambalo wingi wake ni mataya, hutaja mfupa wowote unaoshika meno kinywani, uwe wa juu au wa chini, na katika mazungumzo ya kila siku hilo linatosha. Katika anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, mifupa hiyo hutofautiana kwa umbo na kwa kazi, na ndiyo maana istilahi kamili ni mbili: taya la juu na taya la chini.

Taya la chini ni mfupa mmoja wenye umbo la upinde, ingawa mtoto huzaliwa nao ukiwa vipande viwili ambavyo huungana kidevuni katika mwaka wake wa kwanza. Nyuma, kila upande, upinde huo hukata kwenda juu na kufanya pembe ya taya, ile inayopapasika chini ya sikio, kisha huishia kwa kichwa kidogo kinachokaa katika kishimo cha mfupa wa panja, mbele tu ya tundu la sikio. Hapo ndipo kilipo kiungo cha taya, kinachofanya kazi mithili ya bawaba, isipokuwa kwamba kinywa kikifunguliwa sana kichwa hicho pia huteleza mbele. Ukiacha vijifupa vya ndani ya sikio, hakuna mfupa mwingine wa fuvu unaojongea. Taya la juu limetulia: ni mifupa miwili iliyokutana katikati na kushikamana na fuvu, nayo, licha ya kubeba meno, hujenga sehemu kubwa ya kaakaa pamoja na sakafu ya tundu la jicho.

Uzito wa tofauti hii huonekana vizuri kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ng'ambo ya Mto Songwe, unaotenga wilaya ya Kyela nchini Tanzania na wilaya ya Karonga nchini Malawi. Mwaka 1991, mahali paitwapo Uraha, mradi wa utafiti ulioongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage ulipata taya la chini linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4, ambalo watafiti hao walilihesabu kuwa la Homo rudolfensis, kiumbe wa jenasi ileile ya binadamu. Taya hilo lina magego makubwa na halina kidevu, kwa kuwa kidevu, ile nundu ya mfupa inayotokeza mbele, ni sifa ya binadamu wa sasa peke yake. Mwaka 1996, huko Malema katika wilaya hiyohiyo, kikapatikana kipande cha taya la juu la Paranthropus boisei, aliyetembea kwa miguu miwili na kutafuna kwa magego mapana mno, lakini ambaye hayumo katika ukoo uliomzaa binadamu. Si ajabu kwamba kilichosalia ni mataya, maana taya la chini ni mfupa mzito, na tabaka la nje la jino ndilo gumu kuliko kitu chochote mwilini.

Msomaji akielezwa tu kwamba Karonga kumepatikana mataya mawili, atadhani yanaweza kuwekwa sambamba na kulinganishwa moja kwa moja, ilhali moja ni la chini na jingine la juu, tena ni ya viumbe wawili tofauti. Kwa daktari kosa hilo lina gharama kubwa zaidi: mtoto ambaye daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, alikuwa na uvimbe pande zote mbili za taya la juu na za taya la chini, na mpangilio huo usio wa kawaida ndio uliomfanya aufuatilie ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Kukopa maneno mandibula (taya la chini) na maksila (taya la juu), kwa hiyo, hakuongezi usahihi wowote, kwa sababu Kiswahili kinazo tayari istilahi mbili zinazoeleweka na mkulima wa mpunga wa Kyela sawasawa na mwanafunzi wa udaktari. Kinachotakiwa ni waandishi wa vitabu vya sayansi na vya tiba wasiliache neno taya likisimama peke yake.