Kuhama na Kulowea: Sayyid Said bin Sultan kati ya Maskati na Unguja

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa kimoja. Kuhama ni kuondoka mahali na kwenda kukaa pengine. Kulowea ni kukaa ugenini hata ugeni wenyewe ukaisha. Mtu aweza kuhama kwa siku moja, akiwa na mizigo yake na watu wake; hakuna awezaye kulowea kwa siku moja. Nomino mlowezi, iliyotokana na kitenzi hicho cha pili, imefinywa mno na vitabu vya historia vya shuleni, ambavyo vimeizoesha kuwataja Wazungu waliotwaa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Lakini maana yake haina rangi wala asili. Inamfaa vilevile mtawala wa Omani aliyeiacha nchi ya baba zake katika karne ya kumi na tisa na kuifanya Unguja kuwa makao yake ya kudumu, na huenda ikasaidia kutatua mzozo mdogo uliowashughulisha wanahistoria kwa muda mrefu kupita kiasi.

Mzozo huo ni wa tarehe. Baadhi ya vitabu husema kuwa Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja mwaka 1832. Vingine hutaja 1840. Kila upande una hoja zake, ila pande zote mbili zinachukulia kwamba kuhama kwake kulikuwa tukio moja lenye siku yake. Mwenendo wa Said mwenyewe hauonyeshi hivyo. Alishika utawala wa Omani mwaka 1806, akafika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Hakukaa, mambo ya nyumbani yalimwita arudi. Akaja tena, akarudi tena. Kaskazi ilimleta, kusi ikamrudisha, na kwa zaidi ya miaka kumi akawa mtu wa pwani mbili, huku Wamazrui wa Mombasa wakimpinga hadi walipovunjwa nguvu mwaka 1837. Anayetafuta siku ya kuhama katika safari hizo atachagua moja na kuziacha nyingine. Lililo na maana zaidi ni kuangalia yale aliyoyafanya ambayo mtu asiyekusudia kubaki hayafanyi.

La kwanza ni mkarafuu. Mti huo ulikuwa umekwisha kufika Unguja kabla yake, na jina linalotajwa zaidi katika habari za kuletwa kwake ni la Saleh bin Haramil, Mwarabu wa kabila la Abri. Said aliudaka upandaji huo na kuukuza katika mashamba yake mwenyewe, Mtoni na Kizimbani, na inasimuliwa kuwa aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Hapa pana jambo ambalo mkulima yeyote wa Pemba angelieleza kwa ufupi kuliko mwanahistoria. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu hununua msimu huu na kuuza msimu ujao. Akichukiwa, hupakia mali yake chomboni na kwenda zake. Mkarafuu hauna haraka hiyo. Mche huhitaji miaka sita au saba kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha huzaa kwa makumi ya miaka. Aliyeupanda mwaka 1830 hakutazamia kuchuma kabla ya 1836, na faida kubwa aliwawekea wanawe. Kwa ushahidi wa nia, shamba la Kizimbani lina uzito kuliko tarehe zote mbili zinazogombaniwa.

Shamba hilo, hata hivyo, halikulimwa na mwenyewe. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, na msimu wake haungoji. Bila mikono mingi huchanua mtini na kupoteza thamani. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Mkataba ambao Said aliukubali kwa Waingereza mwaka 1845 ulikataza kuwapeleka watumwa kutoka himaya yake ya Afrika hadi ile ya Asia, lakini uliacha wazi bahari iliyo kati ya Kilwa na Lamu, na Unguja imo katikati ya mpaka huo. Biashara ya kwenda Arabuni ikapigwa marufuku. Ya kwenda mashambani ikaachwa iendelee. Historia za watawala hupenda kusimulia kuhama kwa Said kama kazi ya akili ya mtu mmoja aliyeona mbali. Aliona mbali, ni kweli. Lakini kuhama kwake kwa hiari kuliegemea kuhamishwa kwa maelfu ambao hawakuulizwa. Nao pia walilowea. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi Unyasa, na watoto wao wakawa watu wa Unguja, wenye Kiswahili kwa lugha ya kwanza, kabla ya jamaa nyingi za mabwana wao kufikia hapo.

Mambo ya fedha na mikataba yanajulikana zaidi, nayo yatoshe kwa maneno machache. Forodha alimkodishia Jairam Shivji, Mhindi wa Kachchh, aliyekuwa pia mkopeshaji wake. Mkataba na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 konsuli wa Marekani alikuwa tayari Unguja, na Hamerton wa Uingereza akamfuata mwaka 1841. Makonsuli hawafuati ramani, hufuata baraza. Walipokwenda kukaa Unguja walikuwa wametambua jambo ambalo huko Maskati pengine bado lilikuwa halijakubaliwa.

Jambo la pili lililo gumu kutanguliwa ni urithi. Mwaka 1844 Said aliiandikia serikali ya Uingereza kueleza kuwa angependa mwanawe Khalid amrithi katika milki za Afrika na Thuwaini huko Omani. Hapo dola imekwisha kugawanywa kichwani mwa mwenyewe, miaka kumi na miwili kabla ya kufa kwake. Khalid alifariki mwaka 1854, na nafasi yake ikachukuliwa na Majid. Said mwenyewe alikuwa Omani kwa mara ya mwisho alipoanza safari ya kurejea Unguja mwaka 1856. Inasimuliwa kuwa alipakia mbao za jeneza merikebuni, ili atakayekufa njiani asitoswe baharini. Alifariki tarehe 19 Oktoba karibu na Shelisheli, akazikwa Unguja. Ugomvi wa wanawe ulikatwa mwaka 1861 na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Bara Hindi, aliyeamua kwamba Unguja iwe mbali na Maskati lakini iilipe riali 40,000 kila mwaka. Ndiyo ilikuwa bei ya kuhama kwa baba yao, na ilianza kudaiwa alipokuwa kaburini.

Jambo moja halikupangwa na yeyote, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi wa lugha. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaolewa na Mjerumani, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kwamba mbele ya baba yao ilikuwa ruhusa kusema Kiarabu tu. Alipogeuza kisogo zilisikika lugha nyingi, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na nyinginezo. Mtawala aliyeweza kuhamisha hazina, majeshi na warithi hakuweza kuilinda lugha ndani ya ua wa nyumba yake. Katika vizazi vilivyofuata Kiswahili ndicho kilichobaki uani na kikaingia barazani.

Nguvu ya jambo hilo ilionekana pale safari ilipogeuka. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwatoa Unguja wengi wenye asili ya Omani, ila Said bin Taimur, aliyeitawala Omani hadi 1970, hakuwafungulia mlango kwa upana. Wengi walitawanyika Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza. Qaboos alipotwaa utawala Julai 1970 aliwaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Walioitikia wito kutoka Afrika Mashariki waliitwa warejeao, ingawa wengi wao hawakupata kuiona Omani, na Kiarabu chao kilikuwa cha chuoni na msikitini. Waliingia maofisini, mahospitalini na mashuleni, na majumbani mwao wakasema Kiswahili, ambacho hadi leo husikika Maskati. Wa mwisho kuruhusiwa alikuwa wa ukoo wenyewe: Jamshid bin Abdullah, sultani aliyepinduliwa, alikaa Uingereza zaidi ya nusu karne kabla ya kukubaliwa kuhamia Omani mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka zaidi ya tisini. Alifariki huko Desemba 2024.