Kuwakumbuka Polisi Waliokufa Kazini: Funzo kutoka Pennsylvania

Ndugu zangu, kila tukutanapo hapa shuleni, kabla ya kuketi kula, husomwa majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka jana lilisomwa jina la mwenzetu mmoja wa darasa letu aliyejiunga na polisi, akagongwa na lori usiku alipokuwa akipima ajali kando ya barabara. Jina lilitajwa kama mengine yote, likapita. Kijana aliyesimama karibu nami akaninong'oneza, "Samahani mzee, huyu aliugua nini?"

Swali lile lilinikaa moyoni. Basi Mhariri aliponiomba makala ya historia, niliona heri niandike juu ya watu ambao wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, nao ni Wamarekani na polisi wao wa majimbo.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba Marekani haina jeshi moja la polisi kwa nchi nzima kama tulivyozoea sisi. Mji una polisi wake, wilaya ina sherifu wake, na karibu kila jimbo lina polisi wake, ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni katika barabara kuu na huko mashambani kusikokuwa na polisi wa mji. Pennsylvania ilianzisha jeshi lake tarehe 2 Mei, 1905, Gavana Samuel Pennypacker alipotia sahihi sheria yake. Sheria hiyo iliruhusu watu 228 tu kwa jimbo zima. Waligawanywa katika vikosi 4, wakapewa farasi, na mkuu wao wa kwanza, John C. Groome, alisafiri hadi Ireland kutazama polisi wa huko walivyofanya kazi.

Kwa nini jeshi hilo lilianzishwa? Jibu limo katika makaa ya mawe. Tangu miaka ya 1860 serikali ya jimbo iliyaruhusu makampuni ya reli, kisha ya makaa na chuma, kuajiri polisi wao wenyewe. Watu hao walikuwa na amri ya serikali mkononi, lakini mshahara waliupokea kwa tajiri, na anayekulisha ndiye umtumikiaye. Mwaka 1897, mahali paitwapo Lattimer, sherifu na watu wake waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wakiandamana bila silaha, wakafa 19. Mwaka 1902 wachimbaji zaidi ya 140,000 waligoma kwa muda wa miezi 5, hata Rais Theodore Roosevelt akalazimika kuingilia kati. Ndipo wengi walipokiri kwamba kulinda amani ni kazi ya serikali, wala si kazi ya mwenye mali.

Jeshi halijatimiza hata mwaka mmoja na nusu, lilizika watu wake wa kwanza. Tarehe 2 Septemba, 1906, polisi walikwenda katika kijiji cha wachimbaji kiitwacho Florence kumkamata mtu aliyekuwa akitafutwa. Walipokelewa kwa risasi. Siku hiyo waliuawa askari wawili, John F. Henry na Francis A. Zehringer. Hawakuwa maofisa wenye nyota begani, walikuwa askari wa kawaida, wa cheo cha chini kabisa. Hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya mia moja, mimi niliye mbali nao kwa bahari nzima naweza kuwaambieni majina yao, tarehe, mahali, na shughuli iliyowapeleka huko. Jambo hilo si dogo.

Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kusimulia upande mmoja. Wachimbaji wengi, hasa wale wageni kutoka Ulaya, hawakulipenda jeshi hilo. Waliwaita askari wake Wakosaki, yaani wale wapanda farasi wa mfalme wa Urusi waliojulikana kwa kuwatandika watu mijeledi. Mwaka 1910, katika mgomo wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem, risasi ya polisi wa jimbo ilimwua mtu aliyekuwa ndani ya hoteli. Na wale polisi wa makampuni hawakutoweka mara moja; waliendelea hadi miaka ya 1930 ilipoanza.

Je, tuseme basi kwamba Henry na Zehringer wasikumbukwe? La hasha! Tukifuata njia hiyo hatutamkumbuka mtu yeyote, kwa maana hakuna jeshi wala serikali isiyo na doa. Lakini pia tusilifanye kaburi la askari kuwa pazia la kufichia makosa ya jeshi lake. Anayesema ukweli wote ndiye anayemheshimu marehemu, kwa kuwa sifa yenye uongo ndani yake haidumu.

Heshima ile ilikua polepole. Mwaka 1962 Rais John Kennedy alitia sahihi azimio la kuifanya tarehe 15 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka polisi wa nchi nzima waliokufa kazini. Mwaka 1976 ilitungwa sheria ya kumlipa mjane na watoto wa polisi aliyekufa kazini, awe wa mji au wa jimbo, dola 50,000, kwani machozi ya serikali hayalipi karo ya mtoto. Na mwaka 1991 ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu mjini Washington, wenye kuta mbili za mawe zilizochorwa majina. Hayakupangwa kwa alfabeti. Atafutaye jina la nduguye hulisaka kwanza katika daftari, kisha hulifuata ukutani. Mwanzoni yalikuwa zaidi ya 12,000. Leo yamepita 24,000. Kila Mei majina mapya husomwa usiku, watu wameshika mishumaa.

Wengi hudhani majina hayo yote ni ya watu waliopigwa risasi na majambazi. Sivyo. Polisi wa majimbo hushinda barabarani, na wengi wao barabara ndiyo iliyowaua, ama kwa ajali ya gari lao, ama kwa kugongwa wakiwa wamesimama pembeni, kama mwenzetu yule. Huko wameliona hilo, wakalitungia sheria. South Carolina ilitangulia mwaka 1996: dereva akiona gari la polisi au la wagonjwa limesimama kando na taa zake zinawaka, sharti apunguze mwendo au ahamie upande wa mbali. Kufikia mwaka 2012 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Kwa maoni yangu huo ndio mnara ulio bora kuliko wote, kwa sababu aliyekufa anamlinda aliye hai.

Hatuna mawe ya Washington, wala sidai tuchange fedha za kuyanunua. Naomba jambo moja jepesi. Siku ya mkutano wetu ujao, msomaji wa majina asiishie kwenye jina. Pale palipo na mwenzetu aliyefia kazini, awe polisi, mganga, dereva au mwalimu, aongeze maneno machache: alikufa wapi, mwaka gani, akifanya nini. Lakini kwanza tuiombe ruhusa jamaa yake, kwani msiba ni wao kabla ya kuwa wetu.

Na sisi wenye magari, tutakaporudi makwetu usiku ule, tukiona tochi ya askari inapunga mbele gizani, tuondoe mguu kwenye mafuta. Mwenzetu tutakuwa tumemkumbuka.