Imelegea, Imevutika, Imelika

Kwa miezi miwili niliikaza cheni ya baiskeli yangu kila Jumamosi, na kila ikifika Jumatano ilikuwa imelegea tena. Ni baiskeli nyeusi ya chuma, isiyo na gia za kubadilisha, ya aina ile inayobeba magunia ya mkaa na madumu ya maji kwetu Shinyanga. Kazi yenyewe si ngumu. Unaipindua baiskeli miguu juu, unalegeza nati mbili za ekseli ya nyuma, unavuta gurudumu nyuma kidogo, unakaza. Nilijifunza uani, kwa spana moja na kitambaa cha kufutia grisi. Mara ya kwanza nilivuta mno. Pedali zikawa nzito na cheni ikawa inalia kila mzunguko. Mara ya pili nilivuta upande mmoja kuliko mwingine, tairi likasugua fremu. Mara ya tatu nikapatia. Nikafurahi siku nne.

Fundi wa mtaani kwetu hufanyia kazi chini ya mwarobaini. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba cheni yangu inalegea kila wiki. Hakuinua kichwa kwenye tyubu aliyokuwa akiiziba. Akauliza, "Imelegea au imelika?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali lile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafakari maneno yake kuliko vyuma vyake.

Tukizungumzia istilahi za ufundi, mara nyingi tunazungumzia nomino. Tunauliza kama kitu kiitwe cheni au mnyororo, skrubu au parafujo, gia au jina jingine. Na kwenye baiskeli, nomino nyingi ni za kukopa, jambo ambalo halina aibu yoyote. Hataza ya mnyororo wa rola tunaoutumia leo ilichukuliwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880. Miaka mitano baadaye, John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma, kama zetu. Kitu kilipofika kwetu kilikuja na majina yake, kama kipuri ndani ya sanduku: pedali, breki, friwili, spoku, pini, bushi. Wenyeji wakayaongezea irabu na kuyapa makazi.

Lakini maradhi ya kitu hayaji kwenye sanduku. Baiskeli huugua hapa, kwenye vumbi letu, mbele ya macho yetu, na anayeieleza huieleza kwa kitenzi cha kwao. Cheni hulegea, hulika, hulia, huruka, hukatika, huchomoka. Hakuna hata kimoja kilichokopwa. Na kila kitenzi kimebeba ndani yake maelezo ya chanzo, na ndani ya chanzo, tiba.

Tuvitazame vitatu. *Imelegea* ni jambo la nafasi: gurudumu limesogea, au halikuvutwa vya kutosha. Kilicholegea hukazwa. *Imevutika*, neno ambalo nami nilikimbilia baada ya swali la fundi, linadai kwamba chuma chenyewe kimenyooka kama mpira wa manati. *Imelika* inasema kitu tofauti kabisa: kuna sehemu ya chuma ambayo haipo tena.

Nilichukua rula. Kutoka pini moja hadi ya pili, mnyororo wa baiskeli una nusu inchi, yaani milimita 12.7; hiyo ndiyo hatua moja. Hatua 24 za mnyororo mpya ni milimita 304.8 kamili. Wangu ulikuwa na 309. Nikatoa pini moja kwa msumari na nyundo, nikaitazama juani. Ilikuwa na kiuno. Pale inapokaa ndani ya bushi, mchanga uliochanganyika na mafuta ulikuwa umeisugua mpaka ikakonda. Gawanya zile milimita 4.2 kwa maungio 24 na kila ungio limepoteza chini ya robo ya milimita, unene wa karatasi mbili hivi. Hakuna bamba lililovutika. Kila ungio lilikuwa limepungua kidogo, na upungufu mwingi ukawa urefu. Kukaza kwangu kwa miezi miwili kulikuwa kuitibu cheni isiyo mgonjwa wa ulegevu.

Hapo ndipo nilipoupenda mnyambuliko wa lugha yetu upya. *Kuliwa* humtaka mlaji: nguo imeliwa na panya, shamba limeliwa na ngedere. *Kulika*, katika kauli ya kutendeka, humweka mlaji pembeni na kutuachia hali ya kitu chenyewe: kimekuwa pungufu, polepole, bila tukio moja la kulaumiwa. Kizingiti hulika kwa nyayo, jembe hulika kwa udongo. Kiambishi kidogo *-ik-* kinafanya uchunguzi ambao mimi nilihitaji rula kuufikia.

Nilinunua cheni mpya nikidhani nimemaliza. Nilipopanda kilima cha kwanza, ikapiga kishindo, pedali ikaporomoka chini ya mguu wangu. Nikasema, "Inateleza." Kwa neno hilo nikafuata kosa jingine. Kinachoteleza, nilifikiri, ni friwili, kile kifaa cha nyuma kinachoruhusu baiskeli kuserereka huku miguu imetulia. Nikaifungua. Kifuniko chake kina hesi iliyokatwa kinyume, nami nilihangaika nusu saa nikikikaza nilichotaka kukifungua. Kilipotoka, gololi ndogo kama punje za mtama zikatawanyika uani. Niliziokota hadi magharibi kwa sumaku ya spika mbovu.

Ndani nilikuta vichuma viwili vyenye springi nyembamba kama unywele. Ukikanyaga pedali, hunasa kwenye meno ya ndani. Ukiacha, hulala na kupita, na hiyo ndiyo sauti ya *tiki tiki* tunayoisikia mtu akiteremka. Vilikuwa vizima. Sikuwa na jina lake, nikaviita *vinasa*, kwa sababu tayari tuna kinasa sauti, na kitenzi *kunasa* kinaeleza kazi yote. Jina lililozaliwa na kitenzi humfundisha asiyejua hata kabla hajafungua kifuniko.

Friwili haikuwa ikiteleza. Inapoteleza, cheni huenda na gurudumu halifuati. Yangu ilikuwa *ikiruka*: cheni ilipanda juu ya meno ya gia ya nyuma, kisha ikadondoka kwenye jino la mbele yake. Nilipoyatazama meno hayo kwa makini, yalikuwa yamechongoka na kuinama upande mmoja kama mapezi ya papa. Yalikuwa yamelika pamoja na cheni ya zamani, yakazoea hatua zake ndefu, na sasa hayakuafikiana na hatua za mpya. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, nami niliona jinsi methali ile inavyoenea hata kwenye chuma. Kwa kuwa meno hayo ni sehemu ya friwili yenyewe, nikanunua friwili mpya. Kishindo kikaisha.

Mara mbili, basi, nilikosea kwa mkono kwa sababu nilikuwa nimekosea kwa kitenzi. Nilisema *imelegea* pale ilipolika, na *inateleza* pale iliporuka. Spana ilifuata neno.

Ndiyo maana nawaomba kwa dhati wanaokusanya istilahi, wakiwamo wenzetu wa BAKITA, chombo kilichobeba kazi hii tangu mwaka 1967, wakae chini ya miarobaini kama ule wa jirani yangu. Wasiulize tu, "Hiki kinaitwaje?" Waulize pia, "Kimefanya nini?" Majibu ya swali la pili yamekomaa vinywani mwa mafundi, nayo yanapotea kila fundi mmoja anapofunga sanduku lake kwa mara ya mwisho.

Nami naanza na kidahizo kimoja, nilichokiandika kwa penseli ukutani, juu ya msumari ninapotundika rula:

lika *kt* (kwa mnyororo) ongezeka urefu kwa sababu pini na bushi zimepungua kwa kusuguana. *Dalili*: hatua 24 kuzidi milimita 307. *Tiba*: badilisha, na utazame meno. Usikaze.