Jirani amekukatia miti: uanzie wapi?

Umeamka ukakuta mparachichi wako umebanduliwa gome, au migomba imelazwa kwa panga. Usimfuate jirani ukiwa na hasira, na usikate chake. Ukilipiza, wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Kwanza hakikisha ni mtu. Mbuzi huacha alama za meno, mchwa huacha udongo kwenye shina, panga huacha mkato ulionyooka. Piga picha kabla hujagusa kitu, mti na mpaka vionekane pamoja. Andika tarehe, idadi ya miti na umri wake, kisha uite majirani wawili waone.

Halafu uhudumie mti, maana hausubiri kikao. Gome ambalo bado ni bichi lirudishe mahali pake siku hiyo hiyo, ulifunge kwa kitambaa au kipande cha mpira wa baiskeli. Kama limetolewa kuzunguka shina lote, usidanganywe na majani: yatabaki ya kijani kwa muda, lakini chakula hakishuki tena kwenye mizizi na mti utakauka. Kata shina chini ya jeraha. Mwembe na mparachichi huweza kuchipua kwenye kisiki, ila kama mti ulikuwa wa kupandikizwa, chipukizi la chini ya kiungo halitazaa matunda yale yale. Migomba isikutie wasiwasi sana, itatoa machipukizi.

Katika makazi ya Uganda, kama Nakivale au Kyangwali, shauri huanza kwa mwenyekiti wa RWC 1. Jirani akiwa raia wa Uganda, mwenyekiti wa LC1 naye aitwe. Ugomvi ukiwa wa mpaka, ofisi ya OPM iliyogawa viwanja ndiyo ionyeshe mpaka uko wapi. Ardhi hiyo umepewa uitumie, huwezi kuiuza, lakini kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Kwa hiyo unaweza pia kwenda polisi. Kuandikisha malalamiko ni bure. Omba namba ya SD na uitunze.

Kwenye kikao, muulize sababu. Mara nyingi ni kivuli juu ya maharage yake, au mikaratusi inayonyonya maji. Kama ana haki, kubali kupunguza matawi, lakini hilo halifuti deni lake. Na usikubali kulipwa bei ya mche peke yake: mparachichi wa kupandikizwa huchukua miaka 3 au 4 kuanza kuzaa, wa mbegu zaidi. Dai pia mavuno utakayokosa, au siku za kazi shambani kwako. Yaandikwe, kiasi na tarehe, pande zote na mashahidi watie saini, nawe ubaki na nakala.

Ukitishwa, au maneno yakigeuka kuwa ya kabila, usingoje kikao. Nenda polisi siku hiyo hiyo, au piga simu ya bure ya FRRM, 0800 323 232.