Siku Ambazo Hazikutangazwa

Vyuo vikuu vingi vya Marekani, theluji nzito ikikaribia, hutuma ujumbe. Alfajiri simu inalia: leo hakuna madarasa, walinzi na watu wa zahanati waje kazini, wengine mbaki nyumbani. Yupo mtu mwenye jukumu la kuamua, na upo utaratibu wa kufidia vipindi vilivyopotea. Kila nikisoma miongozo ya namna hiyo, huwa najiuliza swali la kwetu: pale Nyakitonto, mvua ikinyesha siku tatu, nani anafunga shule?

Si kwamba hatujui kufunga. Historia ya elimu Afrika Mashariki imejaa milango iliyofungwa kwa amri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kikakaa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, kilifungwa mwaka 1990 baada ya mgogoro wa wanafunzi na serikali. Machi 2020 ilikuja korona. Shule zikafungwa, vyuo vikafuata, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Kila mara kulikuwa na tangazo na tarehe, na mtu wa kulaumiwa.

Hata hali ya hewa imewahi kupata tangazo lake. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaikaribia pwani ya kusini, Mtwara walitangaziwa kwamba shule na ofisi zifungwe. Kimbunga kikapinda kusini, kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Kenya, mwaka 2024, shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Mafuriko yakasababisha siku isogezwe hadi 6 Mei, kisha Rais Ruto akaahirisha bila kutaja tarehe, na mwishowe zikafunguliwa 13 Mei. Wazazi walilalamika, kwa sababu tangazo la kwanza lilikuja watoto wakiwa wameshafunga masanduku. Lakini hebu tazama: walikuwa na mtu wa kumlalamikia.

Sasa twende Kasulu. Nyakitonto ni kata ya nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, yenye vilima na mabonde, ambako maji hutafuta njia kuelekea Mto Malagarasi. Mvua za huko hazina jina kama kimbunga. Zinaanza kama Novemba, zinapumzika kidogo katikati, zinarudi mpaka Aprili, pengine Mei. Mwaka wa shule nao unaanza Januari. Piga hesabu mwenyewe: muhula wa kwanza karibu wote uko ndani ya mvua.

Zamani kaya za Waha zilikuwa zimetawanyika, kila mji na shamba lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ikawahamisha watu, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia. Waliambiwa wasogee pamoja ili wapate huduma, shule ikiwemo. Mwaka 1977 ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, na madarasa yakajengwa haraka kwa nguvu za wananchi. Shule ikawa karibu kuliko zamani. Ila mashamba mengi yalibaki kule kule ng'ambo ya bonde, na msimu wa kilimo ndio huo huo msimu wa mvua. Mtoto aliyelala shambani na wazazi wake bado alikuwa na kijito cha kuvuka asubuhi.

Na akifika? Yeyote aliyesoma chini ya bati lisilo na dari anajua. Mvua ikikolea, mwalimu anapaza sauti, halafu anaandika ubaoni tu, halafu anaweka chaki chini na kutazama nje. Darasa limejaa, shule iko wazi, na hakuna anayefundishwa. Hiyo nayo ni kufungwa, ila haina jina.

Walioonja jambo hili kwa ukali zaidi ni watoto wa makambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa maelfu, na mwanzoni baadhi yao wakalazwa makanisani na kwenye majengo ya shule. Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka huo huo. Madarasa hayakutosha, maelfu ya watoto wakasomea chini ya miti. Mti hauhitaji mwalimu mkuu wa kuufunga. Wingu likitanda, wanafunzi wanatazamana. Tone la kwanza likidondoka, kipindi kimekwisha.

Kinachouma hasa ni daftari la mahudhurio. Katika shule zetu mtoto yupo au hayupo, na asiyekuwepo mara nyingi bila ruhusa huitwa mtoro. Sijui neno jingine katika lugha ya shule linalombebesha mtoto mzigo upesi hivyo. Mto ukijaa, daraja la miti likichukuliwa na maji, nafasi ya kuandika "mto ulijaa" iko wapi? Tangazo la Mtwara liliiondoa siku ile kwenye deni la mtoto. Mvua ya Nyakitonto, isiyotangazwa na mtu, inaliacha deni kwa mtoto. Mtihani wa Darasa la Saba ukija, maswali ni yale yale nchi nzima.

Hadithi haiishi hata kwa aliyefaulu. Kijana wa Kigoma aliyepata nafasi Mlimani, kwa miongo mingi alitegemea treni ya Reli ya Kati. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliisomba reli hiyo. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yakaikata tena, safari zikasimama kwa miezi. Barabara ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi nayo ilikuwa ya udongo. Lami ni habari ya miaka hii ya karibuni. Chuo kiko wazi, ratiba imebandikwa, kilichofungwa ni njia. Mwenzake wa Sinza anasoma tangazo lile lile la tarehe ya kufungua, lakini hawalisomi kutoka mahali pamoja.

Ndiyo maana siwacheki wale wa theluji na ujumbe wao wa alfajiri. Kufunga chuo kwa sababu ya hali ya hewa ni namna ya taasisi kusema: hili si kosa lako, tutalifidia. Mwaka wetu wa shule una siku 194 za masomo kwenye karatasi. Ningependa kuona mwalimu mkuu wa shule ya bondeni akiruhusiwa kuandika, kwa wino wa kawaida tu, ni ngapi kati ya hizo zilichukuliwa na maji, na mtu wa wilayani akaulizwa zitarudishwaje. Mvua hatuwezi kuizuia. Jina la mtoro tunaweza kuacha kuliandika.