Chale Ilikuwa Kaya Kabla Iwe Hoteli

Mwaka jana nilipigiwa simu na jamaa anayeuza ploti za bichi. Kazi rahisi: nirushe droni, nitengeneze video ya sekunde 60, niseme huku ndiko mpango mzima uliko, nilipwe elfu 30. Niliacha chuo mwaka wa pili na landlodi wa Ukunda hajui habari za ndoto zangu, kwa hivyo msinihukumu haraka. Nilirusha droni.

Kwenye simu naona mchanga mweupe, paa za makuti, bwawa la kuogelea, ukuta, bwawa jingine, ukuta mwingine. Halafu ghafla kipande cha msitu, kizito, cheusi, kimesonga karibu na bahari. Jamaa akaniambia, "Hapo usipaonyeshe sana. Wateja wataanza kuuliza maswali."

Basi mimi ndiye nikaanza kuuliza. Nimezaliwa Msambweni, nimepita kando ya kaya maisha yangu yote, na nilichokuwa najua ni kwamba ukiingia ovyo utapatwa na kitu. Basi. Hiyo ndiyo historia tuliyopewa.

Kumbe ile misitu ilikuwa vijiji. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema watu walishuka kutoka Shungwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga makazi katikati ya msitu mnene ili adui asiwaone. Kaya ndiyo hiyo: boma, lango, na fingo la kulinda mji limezikwa ardhini. Kaya nyingi zilianza karne ya 16. Baadaye hatari ikapungua, watu wakatoka kwenda kulima na kukaa nje, na kufikia miaka ya 1940 nyingi zilikuwa hazina wakazi. Lakini makaburi yalibaki ndani, na pa kuombea pakabaki. Kwa hivyo wazee wakakataza watu kukata mti, kuchunga mbuzi, hata kuokota kuni. Leo ukienda Kaya Kinondo, hekta kama 30 tu, unafungwa kaniki kiunoni na unaambiwa usitoke na kitu, hata jani. Mimi nilicheka moyoni. Kisha nikaangalia pande zote nikaona kwamba hilo katazo ndilo lililofanya kazi ambayo ua la seng'enge halijaweza.

Sasa Chale. Wengi wenu mnaijua kwa picha: kisiwa kidogo kusini mwa Diani, maji yakipwa trekta linavusha wageni. Kwa Wadigo Chale ilikuwa kaya, mahali pa maombi. Miaka ya 1990, wakati ambapo kila mwenye mkono mrefu Kenya alikuwa anajipatia kipande cha pwani, hoteli ikajengwa pale. Wazee walipinga, wananchi wakapinga, watu wa makumbusho na mazingira nao wakapiga kelele. Hoteli ikasimama. Ipo hadi leo.

Kinachoniuma zaidi ni wakati wenyewe. Mwaka 1992 serikali ilikuwa tayari imeanza kutangaza kaya kuwa turathi za taifa chini ya sheria ya mambo ya kale, na mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Kwa hivyo usiseme ilikuwa giza, hakuna aliyejua. Walijua. Ila kaya ilikuwa na wazee bila hati, na mnunuzi wa pwani huja na hati. Ardhi ya wenyeji ambayo haikuwa na hati ya mtu ilishikiliwa na mabaraza ya kaunti kwa niaba yao, na hiyo "kwa niaba" ndiyo imekula pwani yetu. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilieleza nchi nzima jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kama peremende za harusi.

Niseme na upande ambao hatupendi kuusema. Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, vijana waliolishwa kiapo Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi Likoni, watu wakauawa, watu wa bara wakafurushwa, watalii wakakimbia. Tangu hapo, kwa Wakenya wengi, neno kaya likawa ni panga na uganga. Mzee anayetetea miti yake akaonekana anaficha silaha. Ilichukua muda kulisafisha hilo jina. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kwenye Urithi wa Dunia, Kinondo ikiwemo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inataja misitu ya jamii na mahali pa ibada kuwa ardhi ya jamii. Kwa karatasi tuko vizuri sasa.

Mimi si adui wa hoteli. Mama yangu alinilea kwa mshahara wa dobi ya hoteli, na bichi zikikosa wageni hapa watu hulala njaa kweli. Ila hesabu ya wauza ploti ina uongo ndani. Huyo mgeni anayelipa pesa nyingi anataka kuamka aone mbega wenye mabega meupe wakiruka juu ya paa. Mbega anakula majani ya msitu. Ukikata msitu, mbega anahamia kwenye nyaya za stima na barabara, na ndiyo maana Diani watu wa uhifadhi wamelazimika kumfungia madaraja ya kamba juu ya lami. Mnyama wa mtini anajengewa daraja kwa sababu miti yake iliuzwa!

Nilipotoka Kinondo mzee aliyenizungusha aliniuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kinaruka juu sana?" Nikamjibu, "Ndiyo mzee, kinaona mpaka ng'ambo." Akanyamaza kidogo. "Basi umeona tumebaki na nini."

Ile video sikuimaliza. Advansi ya elfu 10 nilikuwa nimeshalipa kodi, kwa hivyo namrudishia yule jamaa elfu mbili mbili kila mwezi. Bado elfu sita. Na ploti zile, juzi nimepita, zimeshawekwa bikoni.