Biskuti ya Nazi katika Jiji Lisilozaa Nazi

Usiku wa Novemba 24, 2007, Kevin Rudd aliposhinda uchaguzi mkuu wa Australia, aliwaambia watu wa timu yake kwamba wana ruhusa ya kunywa chai iliyokolea, hata kula Iced VoVo, kisha warudi kazini. Watu walicheka, maana walikuwa wakiijua biskuti hiyo tangu utotoni. Ina mstari wa jemu katikati, sukari ya rangi ya waridi ubavuni, na nazi iliyonyunyizwa juu. Jina lake lilisajiliwa mwaka 1906 na kampuni ya Arnott's, ambayo mwaka 1908 ilifungua kiwanda Homebush, magharibi mwa Sydney.

Sasa tujiulize: nazi hiyo ilitoka wapi? Sydney iko nyuzi 34 kusini mwa ikweta. Mombasa iko nyuzi 4, Unguja 6. Baridi ya Sydney haiuruhusu mnazi kuzaa. Hata hivyo, ukiingia jikoni kwa bibi wa Kiaustralia utakuta pakiti ya nazi kavu kabatini, jirani na sukari na unga. Inapakwa kwenye keki ya lamington iliyochovywa katika chokoleti, inachanganywa na shayiri kupata biskuti za Anzac, na inapigwa na ute wa yai kupata makaruni: vile vidonge vya nazi vyenye ganda la dhahabu kwa nje na utafunaji wa kunata kwa ndani. Historia ya makaruni ndiyo itakayotufunulia jinsi jiji lisilo na nazi lilivyojaa nazi.

Kutoka lozi hadi nazi

Makaruni ya kwanza hayakuwa na nazi. Yalitengenezwa Ulaya, hasa Italia na Ufaransa, kwa lozi zilizotwangwa, sukari na ute wa yai. Kwa kuwa hayana unga wala hamira, Wayahudi waliyapenda kwa Pasaka yao, msimu ambao vyakula vilivyochachushwa ni mwiko. Wayahudi wapo Sydney tangu siku ya kwanza ya koloni: miongoni mwa wafungwa walioletwa na meli za Uingereza mwaka 1788 alikuwemo Esther Abrahams, msichana wa Kiyahudi wa London, ambaye baadaye alikuwa mke wa George Johnston, ofisa aliyepata kuitawala koloni hiyo kwa muda. Kufikia mwaka 1878 jamii hiyo ilikuwa imejijenga kiasi cha kuzindua Sinagogi Kuu katika mtaa wa Elizabeth, katikati ya jiji.

Lozi zilikuwa ghali, na nazi mbichi haikuweza kuchukua nafasi yake kirahisi. Karibu nusu ya uzito wa nyama ya nazi ni maji. Safari ya wiki kadhaa melini inaweza kuiharibu, na hata ikifika salama, ukiikuna na kuichanganya na ute, biskuti inatoa maji tanurini na kusambaa.

Ufumbuzi ulipatikana katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, huko Ceylon, Sri Lanka ya leo. Kampuni ya Kiingereza ya Vavasseur ilikuwa miongoni mwa waliojenga biashara ya nazi kavu iliyokunwa. Nazi inafuliwa, kifuu kinavunjwa, ngozi ya kahawia inabanduliwa mpaka ubaki weupe mtupu; inaoshwa, inakunwa kwa mashine, halafu inakaushwa kwa hewa ya moto mpaka maji yanabaki kama asilimia 3. Ikifungwa vizuri, inakaa miezi bila kuharibika. Marekani nako, mwaka 1895, Franklin Baker, msaga unga wa Philadelphia, alilipwa deni na mfanyabiashara wa Cuba kwa shehena ya nazi. Badala ya kuhangaika kuziuza nzima nzima, akatafuta mashine ya kuzikuna na kuzikausha, na biashara hiyo ikawa kubwa kuliko ya unga.

Basi lozi ikapata mshindani wa bei nafuu. Mpishi wa nyumbani hakuhitaji tena kinu wala kumenya lozi moja moja. Alifungua pakiti, akapima kikombe, kazi ikaisha.

Bandari ya mbata na sukari

Sydney ilikuwa tayari kuipokea nazi, kwani bandari yake ilikuwa imeshazoea mbata. Kampuni ya Burns Philp, iliyoundwa mwaka 1883, ilipeleka meli zake visiwa vya Pasifiki vikiwemo Solomon, New Guinea na New Hebrides, zikishusha nguo, shoka na bati, na kurudi na magunia ya mbata. Ng'ambo ya ghuba, katika kitongoji cha Balmain, ndugu Lever wa Uingereza walijenga kinu cha kukamua mafuta ya nazi mwishoni mwa karne hiyo, kisha wakaongeza kiwanda cha sabuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni yao ikawa na mashamba makubwa ya minazi Visiwa vya Solomon.

Upande mwingine wa maji, Pyrmont, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari cha CSR, kampuni iliyozaliwa Sydney mwaka 1855. Kwa hiyo sukari nyeupe ilipatikana kwa wingi na kwa bei ambayo mke wa kuli wa bandarini aliimudu.

Utamu huu ulikuwa na wenye kuulipia. Kati ya mwaka 1863 na 1904 watu wapatao 62,000 wa visiwa vya Pasifiki walipelekwa Queensland kufanya kazi, wengi katika mashamba ya miwa, baadhi kwa mkataba, baadhi kwa hila na nguvu. Mwaka 1901 serikali mpya ya Australia ilipitisha sheria ya kuwarudisha makwao waliobaki. Fiji, ambako CSR ilimiliki viwanda vya sukari, miwa ilikatwa na Wahindi wa mkataba. Vitabu vya mapishi vya wakati ule vinataja kikombe cha sukari na kikombe cha nazi. Mikono iliyovijaza haitajwi.

Pwani yetu nayo ilikuwa ndani ya soko hilohilo. Mbata ya Unguja na Pemba ilikuwa zao la pili la biashara baada ya karafuu, na Mafia na Tanga nako minazi ililisha meli za kwenda Ulaya. Sisi tuliuza mbata, wenzetu wakakamua mafuta, wakafanya sabuni na siagi ya mimea, wakaturudishia kwa bei ya duka.

Kilichoandikwa kikabaki

Bidhaa pekee haifanyi mila. Makaruni na ndugu zake yalienea Sydney kwa sababu yaliandikwa. Mwaka 1914 chama cha walimu wa upishi wa shule za serikali za New South Wales kilitoa *The Commonsense Cookery Book*, kitabu cha wasichana wa shule ambacho kiliendelea kuchapwa vizazi na vizazi. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikatoka hapo hapo Sydney *War Chest Cookery Book*. Ndani yake mna biskuti iliyopewa jina la Anzac ambayo haifanani na Anzac ya leo, na pia mna biskuti ya shayiri yenye jina lingine ambayo ndiyo mzazi wa ile tunayoijua. Nazi iliingia katika Anzac baadaye, miaka ya 1920.

Mwaka 1922 wanawake wa mashambani walikutana Sydney na kuunda Country Women's Association. Chama hicho kilijenga vyumba vya kupumzikia akina mama na watoto, kikapigania huduma za afya vijijini, na kikachangisha fedha kwa kuuza keki na biskuti. Katika maonyesho ya kilimo ya Pasaka ya Sydney, yaliyofanyika Moore Park kuanzia mwaka 1882 hadi 1997 kabla ya kuhamia Homebush, biskuti za nyumbani zilipangwa mbele ya majaji na kupewa utepe, sawa na fahali na kondoo. Hapo mama wa nyumbani alijifunza kwamba biskuti zake zote lazima zilingane kwa ukubwa, rangi na unene.

Juni 1933 jarida la *The Australian Women's Weekly* lilianza kuchapishwa Sydney. Desemba 1937 lilichapa mapishi ya chocolate crackles, vidonge vya bisi za mchele vinavyogandishwa kwa mafuta ya nazi. Vikaja vita. Mwaka 1942 sukari ikagawiwa kwa kuponi, ratili moja kwa mtu kwa wiki. Mwaka huohuo majeshi ya Japani na Marekani yalipambana Guadalcanal, katikati ya minazi ya kampuni ya Lever. Visiwa vilivyoilisha Sydney mbata vikawa makaburi ya askari. Vita vilipokwisha na kuponi kuondolewa, vitabu vilikuwa bado kabatini, na watoto waliofundishwa na mama zao wakaendelea pale walipoishia.

Kwa nini yanatafunika

Siri ya makaruni yanayonata iko katika maji, na kila kitu unachofanya ni kuamua maji yabaki kiasi gani. Sukari hushika maji na kuyazuia yasiondoke. Ute wa yai ukipata moto hukaza na kuifunga nazi pamoja. Nazi yenyewe ina mafuta yanayolainisha mdomo. Moto ukizidi, maji yote yanatoka na unabaki na kokoto.

Chukua ute wa mayai 3, sukari laini robo tatu ya kikombe, chumvi kidogo, vanila, na nazi kavu isiyo na sukari vikombe 3, yaani gramu 250 hivi. Weka ute, sukari na chumvi katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka, koroga mpaka sukari iyeyuke na ute upate uvuguvugu. Epua, tia vanila na nazi. Sasa subiri dakika 15 au 20. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa: nazi kavu inanywa ule umajimaji na kuvimba, hivyo kidonge hakisambai tanurini. Finyanga kwa kijiko, panga kwenye trei yenye karatasi, oka katika nyuzi 160 kwa dakika 18 hadi 20, mpaka kingo ziwe na rangi ya asali huku juu pakiwa bado peupe kiasi. Yakitoka yatakuwa laini. Yaache yapoe kwenye trei yenyewe ndipo yakaze.

Wapo wanaoacha ute na kutumia kopo la maziwa mazito ya sukari, ambalo Australia huuzwa kwa gramu 395. Yanatoka matamu zaidi na yanabaki laini siku nyingi.

Viini vya mayai visitupwe, vinafaa kastadi.

Mgeni wa Kifaransa

Mwaka 2010 kipindi cha televisheni cha MasterChef kiliwaleta wapishi wa nyumbani mbele ya mnara wa vibiskuti vya Kifaransa vya lozi, vile vya rangi rangi vinavyobandikwa viwili viwili kwa krimu. Aliyeubuni ni Adriano Zumbo, mpishi wa keki ambaye duka lake lilikuwa Balmain, kitongoji kilekile kilichokuwa na kinu cha mbata. Jiji likapata wazimu wa vibiskuti hivyo. Ni vitamu, lakini vinataka mizani, kipimajoto na roho ngumu. Watu wengi wamevinunua, wachache wamevioka. Makaruni ya nazi hayakuwahi kupangiwa foleni, wala hayakuondoka katika meza za harambee za shule na makanisa.

Leo magharibi mwa Sydney, Blacktown na Auburn, Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Baadhi ya wasemaji wake walitoka Kongo na Burundi kwa kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma. Wengine walikuja kusoma au kufanya kazi kutoka Kenya na Tanzania. Shirika la utangazaji la SBS, lenye makao yake Artarmon, lina matangazo ya Kiswahili. Arnott's nao walihamishia kiwanda chao Huntingwood, ndani ya eneo la Blacktown, mwaka 1997. Pakiti ya nazi kavu inayouzwa hapo inafaa makaruni, na inafaa kashata vilevile: sukari, iliki, nazi, mkono usiochoka kukoroga.

Tofauti ni kwamba makaruni yana vitabu vya zaidi ya miaka 100, na kashata za bibi zetu nyingi ziko katika vichwa vya watu wanaozeeka. Mwaka 2006 kikundi cha wanawake wa Kiyahudi wa Sydney kiitwacho Monday Morning Cooking Club kilianza kukusanya mapishi ya familia zao, na mwaka 2011 kikatoa kitabu cha kwanza. Hawakuhitaji kiwanda wala ruzuku kubwa ili kuanza. Walihitaji kukaa na wazee, kupima na kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mama au shangazi yako bado anakadiria sukari ya kashata kwa jicho, mkalishe wikendi hii, mpe kikombe cha kupimia, na uandike.